Miaka Niliyomwongezea Mwanangu

Mwaka 1974, nikiwa na miaka arobaini, ndipo tabu yangu ilipoanza. Kabla ya hapo nilikuwa nimefanya kazi ngumu, lakini kazi ngumu si tabu. Baba yangu aliletwa Kilosa kutoka Unyamwezi kama manamba, kukata mkonge, akafia kambini. Alichoniachia ni panga lake na madarasa mawili ya shule. La tatu sikulifikia. Nikaingia kwenye mkonge nikiwa na miaka kumi na miwili, na miiba ikanitoboa mpaka nyayo zikawa soli. Sikumwomba mtu kitu. Uhuru ulipokuja nilikuwa nimeshatoka kambini, nina shamba langu bondeni upande wa Zombo, la pamba na mahindi na mpunga kidogo, nina baiskeli, nina nyumba ya bati ishirini na nne. Wakati ule watu walikuwa wanaacha njia yao kuja kuzitazama zinavyong'aa.

Mke wangu nilimwoa kutoka Lumuma, milimani, Msagara, binti wa watu wa kanisa. Mtu akioa huko aelewe jambo moja, ambalo mimi nililisikia nikalipuuza. Kwao mtoto ni wa ukoo wa mama. Baba atamzaa, atamlisha, atamnunulia nguo, lakini neno zito juu ya mtoto analo mjomba, kaka wa mama. Kwetu, ukishatoa mahari, mtoto ni wako, habari imekwisha. Nikatoa mahari, nikadhani imekwisha.

Mtoto wetu wa kwanza alikuwa wa kiume. Mama yake alikwenda kumzalia kwao, kama desturi, akakaa huko miezi mitatu, akarudi naye amenona. Mtoto alikuwa mwerevu na mrefu. Akiwa na miaka kumi na minne alinipita kwa vidole viwili. Huyo ndiye ninayetaka kumwandika, kwa sababu watu wa hapa wanaisimulia habari yake wanavyotaka, na mimi bado niko hai.

Mwaka ule wa 1974 ulipofika, tukaambiwa tuhame bondeni twende kwenye kijiji cha ujamaa, karibu na barabara na reli ya kwenda Mikumi. Sikukataa. Niliona waliokataa walivyofanywa. Nikasema bati langu halitashikwa na mgambo, nitaling'oa mwenyewe. Nikapanda juu na nyundo. Mwanangu nilimpandisha anisaidie. Tulipofika katikati akakaa juu ya mwamba wa paa, akaacha kung'oa misumari.

"Baba, kwani hii nyumba si yetu?"

"Yetu."

"Mbona tunaibomoa?"

"Tumeambiwa."

"Na nani?"

Nikamwonyesha kwa kidevu. Chini kulikuwa na kijana mmoja mwenye karatasi, suruali imepigwa pasi, amekaa juu ya kinu cha mke wangu. Mwanamume mzima kukalia kinu cha mke wa mtu, mbele ya mwenye mke, na mimi niko juu ya paa na nyundo mkononi.

"Yule?" mwanangu akasema. "Yule ndiye anayekuambia wewe?"

Nilimwambia ashike msumari. Akashika, lakini tangu siku ile hakuniangalia tena kama alivyokuwa akiniangalia. Mke wangu ndiye aliyenionyesha hilo baadaye. Mimi nililiona kama ukaidi wa balehe.

Kijijini tulianza na kibanda cha nyasi. Bati nyingine zilipinda njiani, na sita nilizitoa mwenyewe kuchangia ofisi ya kijiji, kwa sababu nilitaka watu wajue nani ametoa. Mvua zikagoma. Tukala unga wa njano wa msaada, mchungu kooni, tukiupangia foleni na mifuko yetu kama watoto wa shule. Kwa kuwa nilijua kusoma na kuandika kidogo, na kwa kuwa siogopi kusema, wakanichagua balozi wa nyumba kumi. Nilijivunia ubalozi huo, sikatai.

Mwanangu yeye akaacha shule. Alikuwa anatoka asubuhi na daftari, anakwenda mpaka relini, anadandia treni ya mizigo ikipunguza mwendo kwenye kona, anashukia Mikumi. Mikumi wakati ule ilikuwa imechangamka kwa malori ya Zambia. Akajifunza kukaa na matingo wa malori hayo, akajifunza gongo, akarudi siku moja amevaa suruali ya bugaluu inayofagia vumbi na viatu vya raizoni vyenye visigino kama vigoda. Jirani yangu, mzee wa Kisagara, mtani wangu, akapiga kelele kutoka kwenye uzio wake:

"Wee Mnyamwezi! Njoo umwone mwanao! Babu zako walibeba pembe za ndovu kichwani, huyu anabeba magogo miguuni! Upagazi haujawatoka!"

Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, maana utani ni utani. Kisha nikaingia ndani nikamchapa. Alikaa kimya mpaka nikachoka mkono. Akaniuliza, "Umemaliza, baba?" Akatoka.

Nilimchapa mara nyingi. Nitaandika kweli, sina wa kumficha. Nilimchapa kwa fimbo, kwa mkanda, kwa mpini. Nilimlaza na njaa. Nilichoma ile suruali. Mara moja, alipokaa Mikumi siku tisa bila taarifa, nilimfunga kwa kamba ya mkonge kwenye nguzo ya kibanda, mchana, watu wakiona. Nikasema atakaa hapo mpaka aombe radhi. Mke wangu alikuwa mtoni. Alirudi na ndoo kichwani, akaitua taratibu, haikumwagika hata tone, akachukua panga akakata kamba.

"Ukimfunga tena," akasema, "unifunge na mimi, upande wa pili wa nguzo hiyo hiyo."

"Unamharibu."

"Kwani wewe umemtengeneza wapi? Nionyeshe palipotengenea."

Hapo ndipo alipoanza kusema habari ya kaka yake. Alisema kwa upole mwanzoni. "Tumpeleke Lumuma, baba watoto. Akakae kwa mjomba wake. Mtoto wa kwetu hamwogopi baba. Anamwogopa mjomba."

"Hata mimi simwogopi kaka yako."

"Sijasema wewe."

"Kaka yako ana nini? Ana baiskeli? Ana nini zaidi ya kengele ya kanisa?"

"Ana sauti," akasema.

Nilikataa. Nilimwambia mimi si mpangaji kwa mwanangu. Nilisema mambo mengine pia juu ya ukoo wao ambayo leo nikiyakumbuka natazama chini. Tukaishi hivyo karibu mwaka mzima: mimi nikimtia fimbo, yeye akimpaka mafuta alipochubuka, mimi nikimnyima chakula, yeye akimwekea chini ya ungo. Mtoto akajua kuwa nyumba ina milango miwili. Siku moja alileta nyama kavu ya porini, nyama ya wizi ya wale wanaowinda hifadhini. Nikamkuta mama yake ameshaipika na wadogo zake wamekula.

"Balozi wa nyumba kumi anakula nyama ya wizi?" nikauliza.

"Balozi hajala," akanijibu. "Waliokula ni watoto. Balozi leo ameleta nini?"

Sikuwa nimeleta kitu. Nilikuwa nimetoka mkutanoni.

Mwaka 1975, baada ya mavuno yale mabaya, zikapotea bati kutoka kwenye lundo la shule tuliyokuwa tunaijenga kwa kujitolea. Zilipotea sita. Kila balozi akaambiwa apekue nyumba zake. Mimi nikapekua tisa kwa haki kabisa, nikawatoa watu vitanda nje, nikafungua hata sanduku la mjane mmoja. Ya kumi ilikuwa yangu. Nikaingia kwenye kibanda cha mwanangu, nikasukuma lile tandiko la mabua ya mpunga, nikazikuta nne. Nilizijua papo hapo. Zilikuwa na matundu ya misumari yangu. Zilikuwa ni zile nilizoichangia ofisi, zikahamishiwa shuleni. Amechagua hizo katika lundo zima.

Kuna watu wameniambia: basi alikuwa anarudisha mali ya baba yake. Hapana. Mbili alikuwa ameshaziuza Mikumi. Mimi simpambi mwanangu na wala sijipambi.

Mke wangu aliingia nyuma yangu, akaona, akafunga mlango wa mabua. Kijana alikuwa hayupo, ameenda mtoni kuoga.

"Zifunike," akasema.

"Nizifunike?"

"Alfajiri nitazibeba mimi, nitaziweka nyuma ya shule. Nikionwa nitasema nimeziokota. Kisha nampeleka kwa kaka yangu na hataonekana hapa tena mpaka mtu asahau."

"Nimepekua nyumba tisa. Nimefungua sanduku la mjane. Nikimficha wangu, kesho nitamtoaje wa mwenzangu?"

"Sikuulizi wa wenzako. Nakuuliza wako."

"Leo amekuwa wangu? Siku zote si wa kaka yako?"

Akanitazama. "Baba watoto, sikiliza. Ukimtoa huyu, atakuwa wa kaka yangu kweli kweli. Ukimwacha nimpeleke, utakuwa na nusu. Chukua nusu."

Mwanamke ananigawia mwanangu kama mkate. Ndivyo nilivyosikia. Nikatoka, nikaenda kwa mwenyekiti wa kijiji, nikasema kwa sauti ambayo majirani wote waliisikia: "Bati ziko kwangu. Mwizi ni mwanangu." Hata leo, nikiwa mkweli, nakumbuka kwamba nilikuwa najisikia vizuri nikiyatamka hayo. Nilijisikia mtu mkubwa.

Nilidhani najua kitakachofuata. Nilidhani watamchapa viboko mkutanoni, watampa kulima shamba la kijiji mwezi mmoja, aone aibu, atulie. Lakini mwenyekiti akasema bati za shule si jambo la kumalizana pale, ni la kupelekwa Kilosa. Mgambo wawili wakamleta kutoka mtoni, shati limelowa. Katibu wa kijiji akafungua daftari la wakazi ili aandike barua, akapitisha kidole, akasoma: "Umri, miaka kumi na tisa."

Hapo lazima niseme. Tulipohamia, kila mwanamume mtu mzima alikuwa anagawiwa ekari moja ya shamba na kiwanja chake. Mwanangu alikuwa na miaka kumi na minne na urefu wa mtu mzima. Nilipofika mbele ya katibu nikasema kumi na minane. Katibu alimtazama juu mpaka chini akaandika. Tukapata ekari ya ziada. Nililipiza hivyo kwa shamba langu la bondeni, na sikuona kosa, wengi walifanya. Sasa mwaka mmoja umepita, na daftari linasema mwanangu wa miaka kumi na mitano ni mtu wa miaka kumi na tisa, na barua ya kwenda mahakamani inaandikwa hivyo, na mimi nimesimama pale.

Ningesema neno moja tu. "Katibu, nilidanganya." Maneno mawili. Lakini pale palikuwa na mwenyekiti, mgambo, na mtani wangu ameegemea dirisha, na nusu saa iliyopita nilikuwa nimesimama mbele yao kama nguzo ya haki. Nikanyamaza. Mwanangu alisikia kumi na tisa ikisomwa. Alijua umri wake. Alinigeukia, akasubiri. Nikaangalia daftari. Wakamchukua.

Asubuhi yake mke wangu alijifunga kanga mbili akaenda Kilosa kwa miguu. Alifikia Chanzuru kwa shangazi yake, akawa anatoka huko kila siku na bakuli la chakula mpaka mahabusu. Siku ya nne akarudi. Nilikuwa nashona jamvi. Hakukaa.

"Askari ameniambia mwanangu yuko na watu wazima. Ameniambia mtoto wa miaka kumi na mitano wangemchapa wakamrudisha kwa wazazi wake. Mtu wa kumi na tisa anakwenda jela na wezi wa ng'ombe. Nikamwambia yule si wa kumi na tisa. Akanionyesha karatasi. Sasa nakuuliza: nani amesema mwanangu ana miaka kumi na tisa?"

Nikamwambia.

Nilitegemea kilio. Hakulia. Alisema, "Mimi nilimzaa kwa siku mbili, nusura nife. Wewe umemzaa mara ya pili ofisini, umekaa kwenye kiti." Akachukua unga na chumvi akarudi Chanzuru.

Usinizungumzie kukata mkonge. Siku mbili zilizofuata, nilizokaa peke yangu na wale wadogo zake, mmoja akiniuliza kaka atarudi lini, ndizo ngumu kuliko zote nilizopitia. Nilikwenda kwa katibu, kwa faragha, nikamwambia ukweli. Akaogopa kuliko mimi. Akasema daftari limeshapelekwa, likifutwafutwa yeye ndiye atakayeulizwa. Nilete karatasi inayoonyesha umri wa kweli. Karatasi gani? Sisi tuliandika wapi siku za kuzaliwa watoto? Nilijua mwaka kwa sababu ndio nilionunua baiskeli.

Nikawaacha watoto kwa jirani, nikaenda Kilosa, nikamkuta mke wangu nje ya mahabusu, amekaa chini na bakuli tupu. Nikachuchumaa. Nikamwambia habari ya karatasi. Akalifuta bakuli kwa ncha ya kanga.

"Karatasi ipo," akasema.

"Ipo wapi?"

"Alibatizwa. Nilipokwenda kumzaa. Kaka yangu ndiye aliyemshika. Cheti anacho yeye."

"Miaka kumi na mitano hukuniambia?"

"Ulikuwa unasema hutaki mtoto wako apewe maji na watu wengine. Nikakaa kimya." Halafu akasema, "Mimi siendi. Nikienda nani atamletea chakula? Kwenda, uende wewe."

Nilipanda treni mpaka Kidete, kisha nikatembea, siku nzima na nusu ya pili, kupanda. Nilimkuta shemeji yangu shambani kwake, kwenye vitunguu, suruali imekunjwa magotini, anafungulia maji ya mfereji. Alikuwa amenizidi umri miaka mingi, lakini mimi tangu nioe nilikuwa namwambia "habari za siku nyingi" kama mtu wa rika langu. Siku ile nikainama.

"Shikamoo, shemeji."

Akanyanyuka. "Marahaba," akasema. "Nani amekufa?"

"Hajafa mtu."

"Basi subiri. Zamu yangu ya maji inaisha jua likifika kwenye jiwe lile. Nikiacha sasa, wa chini atayachukua. Shika jembe. Ziba pale."

Nikaziba. Nilikuwa nimetembea tangu jana, sijala, mwanangu yuko mahabusu, na nimeshika jembe la shemeji nazibia maji ya vitunguu, jaruba moja baada ya jingine. Alinielekeza kwa mkono tu. Mara mbili maji yalinishinda yakapasua tuta, akaja akaziba bila kusema. Jua lilipofika kwenye jiwe akanawa mikono. "Sasa sema."

Nilisema yote. Fimbo, kamba, bati, daftari. Nilipofika kwenye daftari nikasema haraka haraka. Akanisimamisha.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Dada yangu alinitumia maneno mwaka jana," akasema, "kwamba mtoto anasumbua. Nikamjibu: mlete. Nikasubiri mavuno mawili. Kwa nini hakuletwa?"

"Nilikataa."

"Kwa nini?"

"Niliona utaninyang'anya."

Akacheka kwa pua. "Shemeji, mimi nina wapwa kumi na mmoja. Unafikiri mtu anang'ang'ania wa kumi na mbili kwa uroho? Wanakula!" Kisha uso ukarudi pale pale. "Cheti ninacho. Nitakuja nacho mwenyewe, sitakupa mkononi. Lakini siji kuwa shahidi wako. Nakuja kama mwenye mtoto. Wewe utasema mbele ya hakimu kwamba ulidanganya, kwa mdomo wako, asikie. Na akitoka, anakuja huku. Kama moja kati ya hayo mawili linakushinda, kula ugali, ulale, kesho nitakusindikiza mpaka mtoni."

Nilikula ugali. Asubuhi tukateremka wote wawili.

Mahakamani Kilosa nilisema. Sitaandika niliyoyasema, ni mafupi. Chumba kilikuwa na watu, na baadhi walitoka kijijini kwetu. Shemeji akatoa cheti kutoka kwenye kitambaa, akakiweka mezani, hakimu akakisoma, akamtazama mwanangu, akanitazama mimi. Akasema mtoto atachapwa viboko vinne na atarudishwa kwa mzazi. Kisha akauliza: "Mzazi wake ni nani?"

Nilisikia mke wangu akivuta pumzi nyuma yangu. Shemeji hakusogea. Mwanangu alikuwa amekonda, nywele zimenyolewa, amekuwa mdogo. Kwa mara ya kwanza tangu anizidi urefu nilimwona kweli ana miaka kumi na mitano. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama siku ile ya daftari, akisubiri.

"Mjomba wake," nikasema.

Wakati wa kutoka aliniuliza jambo moja tu, pale kwenye ngazi. "Baba, ni wewe uliyekwenda kwa mwenyekiti?"

"Ni mimi."

"Nilijua," akasema. Akamfuata mjomba wake kwenda stesheni. Mama yake alikwenda nao, akakaa huko misimu miwili ya kupanda, na mimi nilipika mwenyewe, nikasuka nywele za binti zangu vibaya, wakachekwa. Ubalozi walinivua mkutanoni. Ekari ile wakampa mjane niliyefungua sanduku lake. Haki yao.

Watu wanapenda kusema kwamba Lumuma mtoto alinyooka. Hakunyooka upesi hivyo. Alitoroka mara mbili akarudia malori. Mara ya kwanza mjomba wake alimfuata Mikumi, mara ya pili akamfuata mpaka Makambako, mzee wa miaka ile, akalala stendi siku tatu akiuliza lori kwa lori. Hakumpiga. Sijui alimwambia nini. Nilimuuliza, akasema, "Nilimwambia zamu ya maji ni Alhamisi." Mimi najijua: mara ya pili nisingemfuata. Ningesema amechagua. Hilo ndilo lililonikalisha chini, wala si viboko vya hakimu.

Mke wangu aliporudi hakuniambia "nilikuambia." Alirudi na vitunguu gunia moja, akaanza kufagia. Hata hivyo bado tunabishana. Mimi bado nasema mwizi atajwe, awe wa nani. Yeye anasema nilimtaja ili nionekane. Tunazeeka nalo.

Mwanangu alikanyaga kwangu tena baada ya miaka tisa, na mke na mtoto mgongoni. Nilikuwa natengeneza mlango. Akaacha mzigo, akasimama kwa adabu zote.

"Shikamoo, mzee," akasema.

Wadogo zake wananiita baba. Nikasema, "Marahaba." Nikamtafutia kiti.

Huwa anakuja kila baada ya mavuno. Anakaa siku mbili, anazungumza na mama yake, anatengeneza kilichoharibika bila kuambiwa, anaondoka. Mjomba alipofariki yeye ndiye aliyesimamia mazishi, na sasa wapwa zake, watoto wa dada zake, binti zangu wale wale, wakikosa wanapelekwa kwake. Nimekwenda naye mara moja kwenye kikao cha namna hiyo. Walinipa kiti kizuri, pembeni.

Sasa nimepita miaka themanini. Nilichonacho leo ni hiki. Nyumba moja ya matofali ya kuchoma, vyumba vitano, bati arobaini, nimepiga misumari mwenyewe isipokuwa upande wa jikoni. Ekari saba bondeni, pale pale pa zamani, nilizirudia kijiji kilipolegea. Mashine moja ya kusaga. Ng'ombe watatu na mbuzi tisa. Baiskeli mbili, moja haina mnyororo. Redio. Mke mmoja, yule yule. Watoto watano, wanne wako karibu na mmoja yuko Lumuma. Kuku sijawahesabu.